Uzi: Matairi ya kruza kwa bei nafuu, lipi ninunue na lipi niliache dukani?

#1 KruzaTaratibu

Salaam wakuu. Naomba mwongozo wa matairi ya pikipiki yangu ya kruza, injini ya V ya 650cc, ringi za spoki mbele na nyuma, inatumia shafti badala ya cheni. Mbele inavaa 130/90-16 67S, nyuma 170/80-15 77S. La nyuma limekula katikati hadi limekuwa bapa kama meza, pembeni kashata, yaani yale meno ya mpira, zipo za kutosha. La mbele kashata lina, lakini limekula mawimbi. Ukilipitishia kiganja unahisi vilima na mabonde.

Mfuko si mnene. Matairi ya bei ya chini nayaona mengi, ila sijui lipi ni nafuu na lipi ni hasara iliyojificha. Muuzaji mmoja hana 170/80-15, ananishawishi nichukue 150/90-15, eti linaingia bila shida. Na je, nikibadilisha la nyuma tu na hili la mbele nikalisogeza kwanza?

#2 Mzee_wa_Ringi

Mkuu, anza na maandishi ya ubavuni, jina la kampuni litafuata. 170 ni upana kwa milimita. 80 ni kimo cha ubavu, asilimia 80 ya huo upana, yaani milimita 136. 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Alama iliyokaa katikati ya 80 na 15 ndiyo watu wanaipita kama haipo. Kikiwa kistari, nyuzi za tairi zimepishana kimshazari, hilo ni bayasi. Ikiwa B, ni bayasi lenye mkanda wa ziada chini ya kashata. Ikiwa R, ni radiali, nyuzi zake zinavuka moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Pikipiki yako ni ya bayasi, na hapo una bahati, kwa sababu bayasi ndiyo ya bei ya chini. Usichanganye bayasi gurudumu moja na radiali jingine isipokuwa kitabu cha pikipiki kimeruhusu. Kuta za bayasi ni ngumu, za radiali hujikunja. Pikipiki ikilala kwenye kona kila gurudumu linajibu kwa wakati wake na usukani unaanza kucheza.

77 ni namba ya mzigo, kilo 412. 67 ya mbele ni kilo 307. S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. H ni 210, V ni 240. Ukipata H mahali pa S chukua bila wasiwasi. Kupanda ruksa, kushuka chini ya kilichoandikwa kitabuni hapana, iwe mzigo au mwendo.

Angalia pia TT na TL. TT lazima liwe na tyubu. TL limetengenezwa kukaa bila tyubu, lakini kwenye ringi ya spoki kama yako unalifunga na tyubu ndani. Mengi ya kruza yameandikwa TL na hiyo siyo sababu ya kuyakataa.

Na ukikutana na MT90B16 usilirudishe kwenye rafu, hilo ni 130/90-16 kwa mtindo wa herufi unaotumika sana kwenye Harley.

#3 Upepo36

Kuhusu kusogeza la mbele: la nyuma likiisha unapoteza mvuto na kuteleza, mara nyingi unaokoa. La mbele likipoteza mshiko ukiwa kwenye kona au breki, huna muda wa kuokoa chochote. Kama fedha inatosha tairi moja tu, pima kina cha kashata cha yote mawili kwanza. Zile pua ndogo zilizosimama ndani ya mifereji, ubavuni zimeoneshwa kwa herufi TWI, zikilingana na uso wa tairi ujue limekwisha kisheria sehemu nyingi. Kwenye maji lilishakwisha kabla ya hapo. Chini ya milimita 2 mimi silihesabu kama tairi la mvua.

#4 Hesabu_Kwanza

Tuje kwenye 150/90-15 ya muuzaji. Inchi 15 ni milimita 381. Kwa 170/80-15 ubavu ni 136, mara mbili 272, jumla kipenyo 653. Kwa 150/90-15 ubavu ni 135, mara mbili 270, jumla 651. Tofauti milimita 2 tu. Kwa hiyo muuzaji hajadanganya, linaingia, kimo cha pikipiki hakibadiliki, injini inazunguka vile vile. Na kwa kuwa ni jembamba, pikipiki inalala kwenye kona kwa wepesi zaidi. Wapo wanaoliweka makusudi.

Alichokiacha ni mzigo. 150/90-15 kwa kawaida huja na 74, ambayo ni kilo 375. Umepunguza kilo 37 kwenye gurudumu linalobeba karibu uzito wote wa abiria.

Chukua mfano. Pikipiki yenye mafuta kilo 240, watu wawili 150, mizigo 20, jumla 410. Ukiwa na abiria, nyuma inabeba kama asilimia 63, yaani kilo 258 hivi. Bado uko mbali na 375. Sasa fanya hivyo hivyo kwa kruza ya 1300 yenye kilo 330, watu 180, mizigo 30: jumla 540, nyuma kwa asilimia 65 inabeba 351. Hapo umebakiwa na kilo 24, shimo moja linazimaliza.

#5 Mzee_wa_Ringi

Hesabu nzuri, ila kuna kitu umekiruka. Zile kilo 375 ni za tairi likiwa na upepo wa juu kabisa ulioandikwa ubavuni. Ukijaza upepo wa 33 psi ili safari iwe laini, uwezo wa tairi nao unashuka. Kwa hiyo hata hiyo nafasi unayoiona kwa 650 si yote. Pikipiki nyingi zina kibandiko au kibati kwenye fremu chenye uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli, hicho ndicho cha kulinganisha, asilimia za kukadiria zina udhaifu wake. 170/80-15 si saizi adimu kwenye kruza. Atafute duka jingine.

#6 Kashata_Nne

Na 180/70-15? Nimeona linafungwa, linajaza ule uwazi wa nyuma, linapendeza.

#7 Hesabu_Kwanza

Ubavu wake 126, kipenyo 633. Umeshusha milimita 20 kutoka 653, asilimia 3 nzima. Injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na pikipiki inayosoma spidi kutoka gurudumu la nyuma au giaboksi itakuongopea kwa asilimia hizo hizo. Halafu upana wa ringi: tairi la 180 kwenye ringi ya inchi 3.5 linabanwa midomo, katikati linachongoka kama yai, mguso wake na barabara unakuwa mwembamba kuliko wa lile 170 ulilotoa. Umelipia upana ukapata wembamba. Kila kiwanda kinachapisha jedwali la upana wa ringi kwa kila saizi, litazame kabla ya kulipia.

#8 Spana_Kumi_na_Saba

Sasa tuongee unafuu wenyewe, maana watu wanalinganisha bei ya tairi na tairi wanasahau ufundi. Tuache fedha, tutumie pointi.

Tairi la bei ya chini liwe pointi 100 na linakwenda kilomita 10,000. La bei ya juu liwe 170 na linakwenda 18,000. Kufungua gurudumu, kufunga tairi, tyubu mpya na balansi iwe 40 kila mara, kwa sababu nyuma yenye shafti na breki ya dramu haifunguliwi kwa dakika kumi.

La bei ya chini: 140 gawa kwa 10, pointi 14 kwa kila kilomita elfu moja.
La bei ya juu: 210 gawa kwa 18, pointi 11.7.

Kumbe lile "nafuu" ndilo ghali. Ili lisimame sawa linatakiwa lifike kilomita 12,000. Ukitoa gurudumu mwenyewe nyumbani ukampelekea fundi gurudumu tupu, ufundi ukashuka hadi 15, hesabu inakuwa 11.5 dhidi ya 10.3. Pengo limebana.

Geuza sasa upande wa pili. Mtu anayetembea kilomita 2,500 kwa mwaka, tairi la kilomita 18,000 litamchukua miaka 7. Mpira hauishi kwa kusagika tu, unakauka. Mwaka wa sita kashata zipo, mshiko haupo. Huyo akinunua la bei ya juu kwa ajili ya maisha marefu, amelipia kilomita ambazo hatazitembea.

KruzaTaratibu, tuambie unatembea kiasi gani kwa mwaka.

#9 KruzaTaratibu

Kati ya 4,000 na 5,000, mara nyingi peke yangu. Barabara ya lami, vipande vya vumbi vipo.

#10 Mzee_wa_Ringi

Basi kwa kilomita hizo la bei ya chini linakupa miaka miwili na kitu, ukibadilisha mpira ukiwa bado mbichi. Hapo naweza kutaja majina.

Shinko 777. Ni bayasi, mchanganyiko wake ni laini kidogo, mvua linashika vizuri kuliko bei yake inavyodokeza, na saizi zako zote mbili lina. Kampuni ilinunua ufundi na kalibu za matairi ya pikipiki za Yokohama mwaka 1998, kwa hiyo halikuanza jana. Udhaifu: la nyuma linawahi kuisha katikati ukiwa mtu wa barabara kuu iliyonyooka. Lina toleo la HD lenye namba ya mzigo ya juu zaidi, hilo ni la wenye pikipiki nzito. Kwa 650 ya mtu mmoja litakupa ugumu tu kwenye matuta.

Dunlop D404. Kruza nyingi za Kijapani zilitoka nalo kiwandani. Tabia yake haina mshangao, mazuri wala mabaya. Likiwa jipya linafuata mistari iliyochimbwa kwenye lami, unahisi pikipiki inatapatapa chini yako. Halina hatari, linakera.

Kenda Kruz K673. Ubavu mgumu, linabeba. Kwenye maji ningelipa heshima, yaani ningepunguza mwendo.

Ukipanda daraja unakutana na Michelin Commander III na Metzeler ME 888. Haya yanakwenda mbali kweli, lakini tumeshaona kwenye pointi nani anayafaidi: mwenye kutembea kilomita 10,000 na kuendelea kwa mwaka.

Nunua jozi ya muundo mmoja kama unaweza. Viwanda vinayapima yakiwa mawili pamoja, na mviringo wa la mbele unachongwa uendane na wa la nyuma.

Yenye ukuta mweupe yanaongeza bei bila kuongeza chochote barabarani. Ukiyataka kwa urembo sawa. Ile rangi ya bluu juu ya weupe ni kinga ya kusafirishia, inatoka kwa maji ya sabuni na brashi laini.

#11 Abiria_Mmoja

Mbona mnamzungusha? Aweke tairi la gari nyuma, inchi 15 zimejaa kila duka, bei nusu, linakwenda kilomita 40,000. Mwisho wa uzi.

#12 Spana_Kumi_na_Saba

Inchi 15 ya gari na inchi 15 ya pikipiki zinafanana kwa jina. Ukingo wa tairi la gari, pale penye waya, haukuchongwa kukaa kwenye kiti cha ringi ya pikipiki. Ndiyo maana wanaolifunga wanalazimika kulipiga upepo mwingi kupita kiasi hadi lilie na kukaa, na tairi likipasuka wakati huo uso wako uko juu yake. Viwanda vya matairi na vya pikipiki vyote vinakataza.

Halafu umbo. Tairi la pikipiki ni duara ili ukilala uso wake uendelee kugusa lami. La gari ni bapa, ukilala linasimama kwenye bega na linakusukuma urudi wima. Kona unaipita kwa kupigana na usukani. Gurudumu likikanyaga ukingo wa lami iliyomomonyoka, bega moja linapanda na pikipiki inasukumwa upande ambao hukuuchagua.

#13 Abiria_Mmoja

Wanalitumia wengi lakini.

#14 Upepo36

Na wengi wanatembea na matairi yenye kipara. Tuendelee.

Kuna suala la tarehe hamjaligusa, na kwenye matairi ya punguzo ndiko lilikojificha. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata hadi mwisho wake, utaona tarakimu 4. 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zipo upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze usikubali kuambiwa halina. Zikiwa tarakimu 3, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liache liendelee na mapumziko.

Tairi la miaka miwili lililokaa ndani, kavu, mbali na jua, halina ubaya na ndipo punguzo la halali linapopatikana. Michelin wanashauri tairi likaguliwe kwa makini kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama kashata zipo. Ukinunua la miaka minne umeshapoteza sehemu kubwa ya huo muda, hata punguzo likiwa tamu. Bonyeza kashata kwa ukucha: mpira mzima unazama kidogo na kurudi, uliokauka unateleza kama plastiki. Kunja ubavu kidogo uangalie nyufa nyembamba kama nywele kwenye mizizi ya kashata.

Mtumba wa tairi la pikipiki mimi siugusi. Kiraka cha ndani na waya uliovunjika wakati wa kufungua huvioni kutoka nje.

#15 KruzaTaratibu

Nimeelewa. Nimepata 777 saizi zote mbili, tarehe ya wiki chache zilizopita mwaka huu. Nataka nifunge mwenyewe. Nina leva tatu, spana na subira. Niangalie nini?

#16 Mzee_wa_Ringi

Subira ndiyo utakayoitumia zaidi. Nitaandika kwa urefu kwa sababu tyubu nyingi mpya zinafia hapa, mikononi mwa anayezifunga.

Tyubu iwe mpya, usirudishe ya zamani. Ya zamani imeshatanuka, ukiirudisha kwenye tairi jipya inajikunja, na pale penye mkunjo inasagika hadi inatoboka. Saizi za tyubu zinaandikwa kwa kundi. Ya nyuma yako itaorodhesha 170/80-15 miongoni mwa nyingine. Ndogo kuliko inavyotakiwa inavutika na kuwa nyembamba, kubwa inajikunja. Linganisha vali yake na ile unayoitoa, urefu na pembe, kabla hujaondoka dukani.

Toa kiini cha vali, upepo wote utoke. Bandua ukingo wa tairi pande zote mbili hadi udondoke kwenye bonde la ringi, ule mfereji wa katikati. Usitumie leva kwa nguvu. Ukiona unahitaji nguvu, ujue ukingo wa upande wa pili haujashuka kwenye bonde. Hiyo ndiyo siri nzima ya kazi hii. Kipenyo cha waya ni kidogo kuliko mdomo wa ringi, njia pekee ya kuuvusha upande mmoja ni kuupa nafasi upande wa pili. Piga magoti juu ya tairi upande ulio mbali na leva, kisha inua kidogo kidogo, sentimita 5 kila hatua. Weka kinga ya plastiki kati ya leva na ringi kama unajali kromu.

Tairi likitoka, vua ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Kama umepasuka au umesogea, badilisha, ni kitu kidogo. Pitisha kidole kwenye vichwa vyote vya spoki, chochote kinachochomoza kipigwe tupa kiwe laini. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia ting, iliyolegea inalia tap. Kutu ndani ya ringi isuguliwe kwa msasa, kisha pangusa.

Sasa ndani ya tairi jipya. Tairi la TL mara nyingi lina kibandiko cha karatasi au plastiki ndani. Kitoe chote na gundi yake. Kwa anayefunga bila tyubu hakina madhara, kwako kitasugua tyubu kilomita baada ya kilomita hadi siku itakapoachia upepo kwa ghafla.

Tazama mshale ubavuni. Mbele na nyuma unaelekea upande gurudumu linakozungukia pikipiki ikienda mbele. Mshale si mapambo: kamba ya mpira wa kashata imeungwa kwa mshazari, na muungo umeelekezwa usifunuliwe na nguvu inayoupiga. Nyuma nguvu kubwa ni ya injini inayosukuma, mbele ni ya breki. Hakikisha pia unajua upande upi wa gurudumu ni wa shafti na upi ni wa breki kabla hujaanza, utamshukuru huyo aliyekuambia.

Paka maji ya sabuni mazito kwenye kingo zote mbili. Ingiza ukingo wa kwanza. Jaza tyubu upepo kiasi tu cha kushika umbo, ipake poda ya talki, iingize, pitisha vali kwenye tundu, zungushia nati yake mizunguko miwili mitatu isikurudie ndani. Ukingo wa pili uanze upande ulio mkabala na vali, malizia kwenye vali. Mwishoni sukuma vali juu kuelekea ndani ya tairi ili tyubu ipishe, kisha vusha ile sehemu ya mwisho. Leva isiingie zaidi ya inavyohitajika, ncha yake ndiyo inayoitoboa tyubu. Ikiwa sehemu ya mwisho inagoma, usivute, rudi upande wa mkabala ukanyage ukingo ushuke bondeni.

Jaza bila kiini cha vali ili upepo uingie kwa kasi. Utasikia mlio mara mbili. Usivuke 40 psi kwa ajili ya kukalisha ukingo. Haujakaa? Toa upepo, paka sabuni tena, dundisha tairi chini ukilizungusha, jaza upya. Karibu na ringi kuna mstari mwembamba umezunguka ubavu. Umbali kati yake na ringi uwe sawa kila mahali. Ukiona mahali umezama, pale hapajakaa na gurudumu litaruka kila mzunguko. Likishakaa, toa upepo wote, acha tyubu ijinyooshe, halafu jaza mara ya mwisho ukiwa na kiini.

Nati ya vali: usiikaze kwenye ringi. Ipandishe juu ikabane na kifuniko. Tyubu ikihama ndani ya tairi, vali itaonekana imelala upande na utajua mapema. Ukiikaza chini, vali inang'oka kwenye shina lake bila taarifa.

#17 Kashata_Nne

Kuna nukta ya njano kwenye baadhi ya matairi, mnaipangaje?

#18 Spana_Kumi_na_Saba

Nukta ya njano ni upande mwepesi wa tairi, ipange kwenye vali ambayo ndiyo upande mzito wa tyubu na ringi. Si kila kampuni inaweka nukta. Baada ya hapo balansi bado inahitajika: pitisha ekseli, laza ncha zake juu ya vigingi viwili vilivyo sawa, gurudumu lielee, liache litulie. Upande mzito unashuka, risasi, yaani kipande cha uzito, inawekwa juu. Anza na gramu 5 uongeze hadi gurudumu likae popote unapoliacha. Kwenye spoki zipo risasi zinazobanwa kwenye spoki yenyewe. Ukivuka gramu 60 bado linashuka, toa upepo uzungushe tairi nusu duara kwenye ringi uanze upya.

Wakati wa kurudisha nyuma: meno ya shafti yasafishwe na kupakwa grisi yenye molibdenamu. Grisi ya kawaida inatupwa nje, meno yanasagika makavu, na hub ya kubadilisha itakugharimu kuliko matairi yote mawili. Ekseli ikiwa bado haijakazwa, mtu akanyage breki ya nyuma ili viatu vya dramu vijipange katikati, ndipo kaza kwa kipimo cha kitabu. Ule mkono unaozuia sahani ya viatu vya breki isizunguke urudi na pini mpya. Mbele, kama spidomita yako inaendeshwa na gurudumu, yale masikio mawili ya kizungushio yaingie kwenye nafasi zake kabla ya kukaza, vinginevyo yanapondeka.

#19 Upepo36

Yale mawimbi ya mbele, usifunge jipya juu ya tatizo la zamani. Kila kipande cha kashata kinapopigwa breki kinajikunja, kisigino chake kinasagika kuliko ncha. Upepo ukiwa pungufu kinajikunja zaidi. Foko, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, zikiwa na mafuta yaliyochoka zinaruhusu gurudumu kudundadunda, na kila dundo linachimba. Inua mbele ya pikipiki, shika miguu ya foko uivute mbele na nyuma: ukisikia tok, beringi za usukani zimelegea. Zungusha usukani taratibu: ukinasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, zimekwisha. Mafuta ya foko kama hayakubadilishwa tangu tairi la mwisho, huu ndio wakati.

Upepo fuata kibandiko cha pikipiki, usifuate namba ya ubavuni. Ile ni ya juu kabisa, si ya kawaida. Pima asubuhi kabla hujatembea, kwa sababu tairi likipata moto psi inapanda, na ukiipunguza ikiwa ya moto kesho utaamka nayo pungufu. Kipimo kiwe chako mwenyewe, kile kile kila mara.

#20 KruzaTaratibu

Usukani unalia tok. Naanza na beringi basi, matairi yanasubiri kwenye kivuli.

#21 Mzee_wa_Ringi

Mpangilio sahihi. Ukishafunga, kilomita 160 za mwanzo usilale sana kwenye kona wala kukanyaga breki kwa pupa, uso wa mpira mpya ni laini na bado una sabuni uliyopaka. Baada ya siku ya kwanza pima upepo tena. Ukishuka zaidi ya psi 2, tia tone la mate kwenye mdomo wa vali kabla hujailaumu tyubu, mara nyingi ni kiini hakijakazwa.